Fundi Aliyegoma Kuzima Swichi

Kifuniko cha sufuria kinagongagonga gizani. Umeme umekatika Buswelu, lakini mkaa haujali, na uji wa Winnie umeanza kuchemka. Modesta Shigela, mama yake, anaukoroga kwa mkono mmoja. Macho yake yako kwenye kompyuta iliyo mapajani.

Simu iko kwenye spika. "Buzuruga nzima haina mtandao," anasema Nkwabi, msimamizi wake. "Nimeiuliza swichi, haioni laini hata moja. Imekufa. Izime, uiwashe."

"Sizimi, bosi."

Modesta ni fundi mtandao wa kampuni ndogo ya intaneti jijini Mwanza, kwa mkataba wa mwezi kwa mwezi. Neno kama hilo linaweza kumrudisha stendi kuuza vocha, alikokuwa kabla ya masomo ya jioni. Analijua hilo, na bado amelisema.

Swichi hiyo, mashine inayogawa mtandao mitaani, anaeleza, ina chipu kadhaa, na kila chipu imewekewa chumba chake ndani ya programu. "Ukiandika amri bila kutaja chumba, umepiga hodi sebuleni tu. Sebuleni hakuna mtu. Ndiyo useme nyumba nzima wamekufa?"

Kuizima kungekata hata vyumba vilivyo hai. Kimojawapo kinabeba laini ya zahanati moja Ukerewe, ambako alfajiri hii mkunga anaongea na daktari wa mjini juu ya mama anayejifungua.

"Mama Winnie," Nkwabi anacheka, "swichi na uji havipikwi pamoja. Zima, la sivyo mwezi huu ndio wako wa mwisho."

"Vinapikwa. Ngoja."

Anaandika amri ile ile, safari hii akitanguliza jina la chumba. Cha kwanza kizima. Cha pili kizima. Cha tatu, laini ya Buzuruga imefungwa. Kuna aliyeifunga jana kwenye matengenezo akasahau kuirudisha. Anaifungua hiyo peke yake.

"Imerudi," anasema Nkwabi. "Ila umenigomea. Utaandika barua ya maelezo."

"Nitaandika. Na kesho ukiniambia nizime, nitagoma tena."

Simu ikikatwa, anaepua sufuria. Barua hiyo ikimfukuzisha kazi, anasema, darasa la ufundi mtandao analopanga kufungua litaanza mapema tu: hapa hapa uani, kila Jumamosi, kwa wasichana wa stendi. "Waje na watoto wao. Nani kasema mtoto mgongoni anafunga vidole?"

Winnie, miaka mitano, anachungulia sufuria.

"Mama, uji haujaungua."