Tulimpamba mgonjwa wetu kwenda hospitali, akaonekana mzima

Wakuu, mnaostahili shikamoo naomba mpokee, na wa rika langu habari za huko mliko. Nitakayoandika yametokea mbele ya macho yangu. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki, maana mimi ni mtu wa kukosa usingizi kwa neno moja nililokosea.

Uzi huu nimeufuta na kuuandika upya mara nyingi. Leo nauweka ulivyo.

Niko Msumbiji, kaskazini ya Cabo Delgado, pwani ya upande wa Palma. Kiswahili ni chetu cha nyumbani, kinafanana na cha ndugu zetu wa Mtwara, ila shuleni na ofisini ni Kireno. Neno la Kireno likiponyoka mnivumilie.

Kazi yangu ni kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi. Shule iliishia katikati, vita vilipotutawanya. Tuliporudi, wenzangu wengine walishaolewa, wengine wamepata kazi kwenye mambo ya gesi, na mimi nikaona haya kukaa darasani na watoto. Nikawa najisomea mwenyewe.

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa kiu ya elimu. Ilikuwa woga.

Mimi moyo ukidunda vibaya kidogo tu, naingia mtandaoni kutafuta nitakufa kwa ugonjwa gani. Habari za mitandaoni zilinitisha zaidi, nikahamia kwenye tafiti zenyewe, zile paper za madaktari. Angalau zile zinakwambia walipima vipi, na kitu gani bado hawakijui. Kiingereza nimekiokota humo humo, na kamusi ya simu pembeni.

Ndimo nilimokutana na habari ya kibanio.

Kile kibanio wanachokubana kidoleni hospitali kinatoa namba ya oksijeni iliyomo kwenye damu. Kinafanya kazi kwa mwanga. Kinaupitisha kwenye kidole, kisha kinasoma umetokea kiasi gani upande wa pili. Watafiti walilinganisha namba ya kibanio na damu yenyewe iliyotolewa mshipani, wakaona kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi kibanio kina tabia ya kutoa namba nzuri kuliko hali halisi. Rangi ya ngozi nayo inakula mwanga, na vifaa vingi vilijaribiwa zaidi kwa watu weupe.

Si kila mara, wala si kwa kila mtu. Lakini inawezekana mgonjwa anakosa hewa na kibanio kinasema hana neno.

Niliisoma paper ile nikatazama vidole vyangu mwenyewe.

Sasa kisa.

Wifi yangu, mke wa kaka, nitamwita Muaziza. Kaka yuko kikazi Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si ile ya Zanzibar, kwa hiyo nyumbani tupo mimi, wifi, na bibi yetu mzaa baba. Muaziza alirudi harusini na kikohozi. Kikohozi kikaleta homa. Baadaye akawa halali chali, analala ameegemea ukuta, anasema akijinyoosha kifua kinajaa.

Asubuhi moja nikasema leo twende hospitali. Bibi akakubali, ila kwanza amwandae.

Hapa niwaeleze wasiotujua. Kwetu mwanamke haendi mbele ya watu wa serikali kama kitu kilichookotwa. Anaogeshwa, anavalishwa kapulana mpya, nguo kama kanga au kitenge chenu, na anapakwa msiro. Msiro ni kijiti kinachosuguliwa juu ya jiwe kwa maji mpaka kitoe uji mweupe. Unapakwa uso mzima, unakauka, na ngozi inakuwa laini. Ukimwona mwanamke wa pwani hii uso umekuwa mweupe kama chokaa, ndio huo.

Nikasema, "Bibi, tunachelewa."

"Mke mwenza, haraka ya nini?" Mke mwenza ni mimi, ndio utani wetu na bibi. "Unataka waseme mke wa mjukuu wangu halishwi? Huyu anakwenda kutibiwa, haendi kuomba."

Muaziza akacheka, kicheko kikakatwa na kikohozi. "Mwache, wifi. Hata nikifa, nife nimependeza."

"Utakufa ukishanizika mimi," bibi akamwambia, akaendelea kumpaka.

Tukaenda kwa pikipiki mbili. Kituo sikitaji jina, hakina kosa la peke yake.

Nesi, enfermeira kama tunavyoita, alikuwa dada kijana aliyetoka kusini mwa nchi, hana muda mrefu huku. Anajua Kireno tu. Alikuwa peke yake na foleni imetoka mpaka nje. Mimi nikawa mkalimani.

Akamuuliza Muaziza anaendeleaje.

Muaziza akakaa sawa, akavuta kapulana vizuri. "Sijambo, alhamdulillahi. Kifua kidogo tu."

Bibi, ambaye kwake kila mhudumu ni dotora, yaani daktari, akadakia, "Tunamshukuru Mungu, dotora. Anakula." Muaziza alikuwa hajatia kitu kinywani tangu jana yake.

Nikatafsiri yote, sawasawa. Hajambo, kifua kidogo tu, anakula. Na niseme ukweli, niliona fahari kwamba sikukosea hata kitenzi kimoja.

Kikaja kibanio. Vidole vya Muaziza bado vilikuwa na piko la harusini, lile jeusi, kibanio kikaonyesha vistari tu. Nesi akahamisha kidole, akahamisha tena, mpaka kidole gumba ambacho piko lilikuwa limepauka. Namba ikatoka: tisini na nne. Nesi akasema si mbaya sana. Akaandika vidonge, akasema anywe maji mengi, na arudi akizidiwa.

Arudi akizidiwa. Kwetu ni mbali, na jua likishuka hakuna pikipiki inayokubali kupita njia ile. Akizidiwa usiku, atazidiwa mikononi mwetu.

Na wakuu, mimi nilijua habari ya kibanio. Ilikuwa kichwani. Nikaanza kuitengeneza sentensi ya Kireno ya kumwambia nesi. Nikaona kitenzi kimekaa vibaya, nikakirekebisha. Nikawaza akiniuliza umesomea wapi nitajibu nini, kibandani? Nikaianza upya kwa heshima zaidi. Sentensi ilipokuja kuwa nzuri, nesi alishaita mgonjwa mwingine na sisi tulishatoka barazani.

Wenye ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe sawa mtanielewa. Watu wanadhani ni bidii.

Muaziza akakaa kwenye benchi. Bibi akaenda dirishani kuchukua dawa. Nikamtazama wifi kwa karibu.

Msiro hukauka upesi. Ukikauka unavuta, ukicheka unapasuka. Ule wa Muaziza ulipakwa tangu nyumbani na bado ulikuwa mbichi. Kwenye paji la uso na chini ya pua ulikuwa unateleza, jasho linausukuma. Na pale barazani palikuwa kivulini, upepo unavuma.

Nikamgusa shingo. Baridi.

"Wifi, unapumuaje?"

"Kama... napanda mlima." Akavuta pumzi. "Usimwambie bibi."

Mlima gani, na amekaa kwenye benchi.

Nikaingia ndani bila kubisha hodi. Ile sentensi yangu nzuri ilishapotea. Nilichosema kwa Kireno, nikiwageuzia, ni hiki: "Uso umepakwa. Huuoni. Kidole kinadanganya. Kusema mzima ni heshima tu. Si mzima."

Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mapajani akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Nesi alinitazama pia. Sijui alielewa kipi katika yale. Akasimama, akatoka nje, akamtazama Muaziza, akasema aoshwe uso.

Bibi ndio anarudi na vidonge mkononi. "Uso? Hapa mbele za watu?" Aliniambia mimi, si nesi. "Mwambie dotora mke wa mtu hafunuliwi barazani. Ataka amvue na kapulana basi?"

Sikuitafsiri hiyo, kwa sababu nesi alikuwa ameshaniambia na kapulana ya kifuani ilegezwe.

Aliyeamua ni Muaziza. Alinyoosha mkono, akachukua chupa ya maji, akajimwagia usoni mwenyewe, akajifuta kwa ncha ya kapulana.

Chini ya ule weupe palikuwa na mtu mwingine. Pua zinapanuka kwa kila pumzi. Macho yamechoka. Nesi akamvuta mdomo wa chini akatazama ndani, akamwambia atoe ulimi. Ulikuwa na rangi ya majivu. Akampeleka nyuma ya pazia, akalegeza kapulana, akahesabu pumzi, jicho moja kwenye saa, jingine kwenye kifua. Niliona ngozi ya katikati ya mbavu inavyoingia ndani kila akivuta hewa. Kapulana ilikuwa imefungwa vizuri mno, hakuna ambaye angeiona ngozi ile.

Kibanio hakukitazama tena. Jenereta likawashwa, mashine ya oksijeni ikaletwa, na sindano.

Ilikuwa nimonia, tena imeshika pande zote mbili. Alilazwa. Wakuu, alipona, nisiwaweke roho juu.

Muaziza alipoanza kupata nafuu nilimpelekea nesi fotokopi ya ile paper. Nilikuwa nimeitafsiri kwa Kireno na kupiga mistari sehemu muhimu. Moyoni nilitaka anione mtu wa maana, sitaficha.

Aliusoma ukurasa wa kwanza wote akiwa amesimama.

"Mana," akasema, ndivyo huku wanavyomwita dada, "nashukuru. Hili sikufundishwa. Lakini kibanio hapa ni hiki kimoja. Nikiacha kukiamini, nishike nini?"

Nikasema labda umtazame mtu mwenyewe.

"Nilimtazama. Mlikuwa mmempaka chokaa." Hakusema kwa hasira. "Nikauliza. Mkaniambia hajambo, anakula. Mashine imenidanganya, sawa. Na nyinyi watatu?"

Nikamwachia fotokopi, nikatoka.

Swali lile nimelifikiria sana. Tafiti za namna hii nilikuwa nazisoma kama mtu aliyeonewa, na kweli tumeonewa. Kifaa kinachopima pumzi za watu wote kilipaswa kujaribiwa kwa watu wote tangu mwanzo, hilo halina mjadala. Nimesoma pia kwamba maumivu ya watu weusi huchukuliwa kwa wepesi, na kwamba mgonjwa asiyeongea lugha moja na mhudumu hupata huduma duni. Kote huko nilijiweka upande wa mgonjwa.

Siku ile nilikuwa mkalimani. Nilibeba maneno yote nikaiacha adabu nyuma. Kwetu ukiulizwa hali, kwanza unajibu hujambo, ndipo shida inakuja, na inakuja ikiwa imepunguzwa. Sisi kwa sisi tunalijua hilo, tunasubiri. Nesi wa kusini atajuaje? Tafsiri kamili ingekuwa: amesema hajambo kwa sababu ndivyo tunavyoanza, muulize tena.

Na msimlaumu bibi. Nilipomweleza yote haya, alisema, "Mke mwenza, mimi nimezaa hospitali hizi. Ukienda mchafu unafokewa, unaambiwa subiri kule. Nilimpamba ili wamwone mtu."

Nikatambua kwamba anayajua mambo ya hizo paper kwa njia yake. Anajua kwamba sura ya mtu inapunguza au inaongeza huduma. Kumpamba mgonjwa ndiyo ngao tuliyokuwa nayo, na ngao ile ile ilimfunika.

Tumefika makubaliano nyumbani. Mgonjwa ataoga, atavaa kapulana safi, ila uso na vidole vitakwenda vitupu. Bibi amekubali kwa shingo upande. Bado anasema nimeleta uzungu.

Wiki chache baadaye tulimrudisha Muaziza kuangaliwa. Nesi ni yule yule. Akauliza anaendeleaje, nikatafsiri.

"Sijambo, alhamdulillahi," Muaziza akajibu.

Nikageuza kwa Kireno. Nesi hakuandika kitu. Aliweka kalamu mezani, akamtazama tu, na foleni bado iko nje.

Muaziza akanitazama mimi, kisha akatazama sakafu.

"Nikibeba ndoo ya maji kifua kinabana," akasema. "Na naogopa kulala."

Nikatafsiri. Nesi akachukua kalamu.

Nilichojifunza ni kidogo, nanyi mnirekebishe. Ukimsindikiza mgonjwa, usimsaidie kuonekana mzima. Na kama wewe ndiye mkalimani, sema pia yale ambayo mgonjwa hawezi kuyasema kwa sababu ya malezi, hata kama sentensi itatoka vibaya.

Walio kwenye kazi za afya humu, naomba mniambie: kibanio kikisema sawa na macho yanasema hapana, mnafuata kipi? Na ninyi wengine, huko kwenu mgonjwa akiulizwa hali na daktari, anaanza kujibu nini? Nitasoma yote, hata ya kunikosoa.