Wazee Wawili Mbele ya Televisheni

Leo harufu ya iliki kutoka duka la mikate imenirudisha kwenye sebule yetu ya ughaibuni, mjini Märsta, alasiri moja ya theluji. Dada yangu alikuwa amependana na kijana wa Kiislamu kutoka Uganda. Baba, Mkenya wa kanisani, alikuwa amemkataza kijana huyo kukanyaga kwetu. Siku hiyo baba yake kijana alikuja kumposea, na kijana mwenyewe akabaki chini, nje ya jengo.

Wazee hawakugusa chai ya iliki mpaka ikapoa. Mama akawasha televisheni. Ilikuwa filamu ya zamani ya Kimarekani, ya kuchekesha: baba wawili wanagombana, watoto wao wanapendana. Mmoja wa hao baba aliponuna mezani na kugoma kuonja keki ya wenzake, mgeni wetu alicheka. Baba alijizuia, mabega yake yakatikisika, kisha akacheka mpaka akafuta machozi.

"Huyo mkaidi ni mimi kabisa," alisema.

"Hapana, mzee mwenzangu, ni mimi," mgeni akajibu.

Baba akatazama dirishani. "Na kijana umemwacha kwenye baridi hii? Mwiteni apande, tumsikie mwenyewe."

Dada yangu alishuka ngazi bila koti.