Kata ya Togwa

Pombe ya wifi yangu ni nyeusi kama kahawa iliyosahauliwa jikoni, na tangu aolewe Nyangamara hakuna mwingine katika familia aliyeweza kuipika. Mwaka huu nilimbana mpaka akanipa siri yake. Alinitumia kwa simu, sauti yake tupu, katikati akiwafukuza kuku: roweka mtama, uoteshe, uanike, kisha kimea kigawe, nusu yake ukikaange bila mafuta mpaka kiwe cheusi. Nikiogopa kuunguza, alisema, basi niendelee na pombe yangu ya rangi ya maji ya vyombo. Ndivyo alivyo, na nampenda hivyohivyo.

Nilikuwa na sababu ya kutaka ipendeze. Tulikuwa tumealika watu watulimie shamba la ufuta. Huku milimani, ukishaipita Njinjo, wanaoitikia mwaliko huwalipi. Unawalisha na kuwanywesha, na ukiwanywesha vibaya mwakani utalima peke yako. Mawingu yalishaanza kujikusanya, na mimi na mume wangu tusingelimaliza shamba lile wenyewe.

Nusu ya majirani ni Wakatoliki kama sisi na nusu ni Waislamu, kwa hiyo tunaandaa vyungu viwili: cha pombe, na cha togwa tamu isiyochachuka. Kata za kuchotea nazo ni mbili. Ya togwa hutundikwa peke yake ukutani, isiguse machicha ya pombe hata kidogo. Mtoto wa huku analijua hilo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Mimi, mtu mzima, nililewa sifa kabla ya pombe yenyewe. Siku ya kuamkia mwaliko nilikoroga ile pombe, nikaonja, ilikuwa nyeusi na tamu kwa uchungu wake. Nikajipongeza. Togwa nayo nilikuwa nimeitia kimea cha kukaanga, ili na wengine wafaidi. Nikageuka nikaikoroga kwa kata ileile.

Asubuhi nilikuta chungu cha togwa kina povu. Nilipoionja, ikaniuma ulimi. Nilitazama ukutani, kata ya togwa imekauka kau. Nilijitukana kwa Kimatumbi, maana matusi ya Kiswahili yalikuwa hayatoshi.

Mume wangu alionja akasema kilevi chenyewe ni kidogo mno, na kwa weusi ule nani atajua? Tukisema, nusu ya majembe yatarudi nyumbani. Nilimkasirikia sana, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza hivyohivyo. Watu walikuwa wanaingia shambani.

Mbele yao alikuwa jirani yetu, mama mtu mzima wa nyumba ya pili. Huyo ndiye aliyenifundisha togwa nilipoletwa hapa mwari. Katika nyumba zote za Wakristo hanywi ila kwetu, tangu enzi za mama mkwe, na wenzake wakimwona anakunywa nao hunywa. Akiondoka, wataondoka naye.

Walilima mpaka jua likakaza. Walipokaa kupumzika, yeye ndiye aliyeanza kuninyooshea kikombe. Nilisimama na jagi la maji.

"Mama, togwa sina," nilisema. "Imechachuka. Nimeikoroga kwa kata ya pombe. Nina maji tu."

Mume wangu aliinamia jembe lake kana kwamba mpini umelegea.

"Najua," alisema yule mama. "Alfajiri nilipita jikoni kwako, wewe umekwenda kisimani. Togwa haitoi povu, mwanangu. Nimekuja kulima nione kama utanipa."

Kikombe alikuwa bado amekinyoosha. Nilimmiminia maji, akanywa yote, akashika jembe lake akarudi kulima. Wenzake wakamfuata.