Kiatu cha Kulia

Pale soko la Kibuye wauza viatu vya mitumba huanika cha kushoto tu. Cha kulia hukaa kwenye gunia, ili mwizi asipate jozi. Nilikuwa nimeketi kwenye stuli, kiatu cheusi mguuni, nikimngoja mama muuzaji atafute mwenzake. Yeye hakuwa na haraka. Mimi nilikuwa nayo, maana ofisini tulikuwa tunapunguza data.

Kazi yetu ni programu ya kemia. Kila molekuli tunaihifadhi kama mstari mfupi wa ndiyo na hapana: ina pete ya atomi? Ina naitrojeni? Mistari miwili ikifanana, kompyuta inasema hiyo ni molekuli moja, na mstari wa pili tunaufuta. Inakwenda kasi, na diski haijai.

Mama akanipa kiatu. Kilikuwa cheusi, saizi ile ile, kamba zile zile. Nikakivaa, kikanibana vibaya. Kilikuwa cha kushoto pia.

"Aki pole, kastoma. Sikuangalia upande."

Sisi pia kule ofisini hatukuuliza upande. Kuna molekuli mbili zinazofanana kwa kila kitu, ila moja ni ya kushoto na nyingine ya kulia, na mwilini moja inatibu, nyingine inadhuru.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa mwenzangu wa ofisini: "Nimefuta zote zilizojirudia. Sasa tuna nafasi tele!"

Nikampigia. Hakushika.

"Ngoja, kastoma," mama alisema, mkono ndani ya gunia. "Ya kulia iko. Haiwezi potea."