Boza la Marehemu Vitus

Eveline Kihwele alikuwa na mifugo mingi kuliko ng'ombe wote wa baba yake, ila haikuonekana kwa macho. Walikuwa vijidudu waliokula uchafu katika kituo cha majitaka, Iringa, na kazi yake ilikuwa kuwalinda. Kila boza, lori la tangi la majitaka, lililofika alichota maji yake, akayachanganya na tope hai lenye vijidudu wake ndani ya chupa, akapuliza hewa, kisha akafunga na kutazama kipima oksijeni. Namba ikishuka, vijidudu wanapumua. Ikiganda, boza lina sumu, lirudi lilikotoka.

Boza moja tu hakulipima: lililoandikwa mlangoni VITUS KIHWELE NA NDUGU. Vitus alikuwa mumewe. Siku ya kuvunja matanga, ukoo ulimkabidhi funguo Tadeo, mdogo wa marehemu, na Eveline akapiga vigelegele. Kulipima aliona ni kumfukua mumewe kaburini.

Mvua zilipokatika, bwawa la kituo walimoishi vijidudu likafa. Povu, harufu ya yai viza. Isihaka, msimamizi wake, aliwahoji madereva wote, akamruka Tadeo.

"Hilo la kwenu, Mama, sina wasiwasi nalo."

Maneno hayo Eveline alienda nayo nyumbani, akarudi nayo asubuhi.

Tadeo alipoingia, alimkuta shemeji yake langoni, ndoo mkononi.

"Ee, shemeji! Leo unaninusa kama mbwa wa mpakani?"

"Fungua koki."

"Maji ya choo cha shule tu haya."

"Basi choo kitajisemea."

Maji yalitoka yana ukijani, ukijani ule ule wa nguzo za umeme zinapotolewa kwenye dawa ya kuua mchwa kule Mafinga. Eveline aliyatia kwenye chupa pamoja na tope alilokuwa amelitunza likiwa hai. Namba iliganda pale pale.

"Umebeba dawa ya nguzo," alisema taratibu. "Tangu lini?"

Tadeo alikuna kisogo. "Tangu matanga. Nilijua wewe hili huwezi kulipima."

Eveline aliiandika namba kwenye daftari.

"Tuyamalize wenyewe, shemeji. Jina la kaka litaaibika mji mzima."

Eveline alizitazama herufi za bluu kwenye mlango wa boza. Rangi ile aliichagua yeye. Akapiga kufuli lango, boza likiwa ndani, akampigia simu Isihaka.

"Njoo na wakubwa wako," alisema, Tadeo akisikia. "Aliyeua bwawa nimempata. Ni wa kwetu."