Marahaba ya Kaka Yangu

Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nikirukaruka mnivumilie. Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja tu, alipenda shikamoo kuliko nyama. Ukimpita kimya, hata ukiwa na gunia kichwani, atakusimamisha: hajasikia kitu. Mimi ndiye niliyeona taabu zaidi, maana ziwa la mama tulilinyonya karibu kwa zamu.

Basi, wakati wa ujamaa tukahamia kijiji kipya upande wa Chanzuru, na kila siku ya shamba la kijiji kaka alikuwa anaumwa. Leo mgongo, kesho jino. Mara moja alisema ameteguka mguu akimkimbia tembo wa Mikumi. Mikumi yenyewe hajawahi kufika.

Masika moja mafua makali yakatuangusha nyumba kwa nyumba. Mimi mke wangu alininywesha mchuzi wa pilipili hadi mkeka ukalowa jasho, lakini hayo si ya leo. Kaka naye akalala wiki nzima. Asubuhi ya palizi mjumbe wa nyumba kumi akamkuta kaketi kitandani, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia. Mjumbe akasema safari hii kajitahidi. Tukacheka, Mungu anisamehe. Nikamkejeli, "Shikamoo, kaka."

Kimya.

Shemeji, mkewe, alikuwa anakoroga uji. Akaacha.

"Jembe huyu hulikataa," akasema. "Marahaba hajawahi."

Kicheko kikatukauka. Trekta lililongojwa shambani likampeleka hospitali Kilosa. Daktari akauliza kama alitangulia kuugua mafua. Akasema mafua makali huweza kugandisha damu, donge likaziba mshipa kichwani: ni kiharusi. Mimi nilidhani mafua huishia puani.

Aliporudi nyumbani mguu ulikuwa unaburuta na neno halitoki. Daktari alituagiza tumsemeshe. Basi asubuhi na jioni nikawa nakwenda kusimama mbele yake, mtu mzima na ndevu zangu, namwamkia. Ananitazama tu. Mvua zikaisha. Majirani wakasema namchosha mgonjwa, nami nikaendelea, maana hakuna kingine nilichokijua.

Wakati wa mavuno nikamwamkia kama kawaida, nishageuka kuondoka. Nyuma yangu nikasikia, "...haba."

Shemeji akaangusha ungo. Mimi nikaelekea ukutani nifute macho. Kaka akanigonga mguu kwa mkongojo, akalitafuta neno la pili muda mrefu.

"Rudia."