Gari Lililonukia Langilangi

Kisiwa chetu kilipotangaza kujitenga, jambo la kwanza kubadilika nyumbani kwangu lilikuwa mume wangu kunyamaza. Yeye ni mtu wa Moroni, kwenye kisiwa kile tulichojitenga nacho, mimi wa Mutsamudu, na kwetu mume ndiye ahamiaye kwa mke. Nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume huja na sanduku lake la nguo. Wangu alikuja na sanduku la spana. Ndani tulisema Kiswahili, kwa sababu mimi nililelewa na shangazi yangu Unguja, na yeye alijifunza ufundi wa magari huko huko. Nje alisema Kingazija chake, watu wakamcheka, naye akawacheka kwa Kinzuani chao. Sasa hakuna aliyecheka. Alipofungua mdomo uchochoroni, vichwa viligeuka, hata akawa anakwenda msikitini na kurudi bila kutoa neno zaidi ya salamu.

Nyuma ya nyumba yangu palikuwa na uwanja mdogo, na uwanjani palikuwa na gari la jeshi tangu sijavunja ungo. Gari la zamani, la vita vya wazungu, lililoachwa hapo na Wafaransa walipofunga virago. Hakuna aliyeanika nguo juu yake. Mbuzi wa mtaa hulala popote penye kivuli, lakini chini ya lile gari sikuwahi kuwaona. Nilipokuwa mtoto, kabla ya kupelekwa Unguja, niliuliza sababu, nikaambiwa niende nikachote maji.

Wanamgambo walilitaka. Waliing'oa injini ya lori la bandarini wakaipachika, na ikanguruma vizuri tu, ila magurudumu hayakuzunguka hata kidogo. Basi mkubwa wao akaja kwangu. Mwezi uliotangulia alikuwa karani wa bandari, akigonga mihuri na kukohoa; sasa alikuwa na bunduki na hakohoi tena. Alikaa ukumbini kwangu, akanywa chai yangu, akamwambia mume wangu, "Fundi, nataka kupandisha watu mlimani Ijumaa. Gari likitembea, wewe ni mwenzetu. Likikataa, tutajua ni nani aliyelikataza."

Nilimtazama mume wangu. Kila mtu alijua walikopelekwa Wangazija wengine waliokataa kuwa wenzao, na waliorudi hawakuwa wengi. Nilitamani kummwagia yule karani chai iliyobaki. Nikamwongezea sukari.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila gurudumu lina kitovu chake, kipande kizito cha chuma kinachozunguka juu ya ekseli kwa beringi. Vitovu vile vilikuwa vimeshikwa na kutu miaka na miaka, vimeganda kama ukoko chunguni. Ilibidi kuvivuta vyote, kusafisha beringi, kutia grisi, kurudisha. Mume wangu alipandisha gari kwa jeki, akafungua nati, akagonga. Aligonga kitovu cha kulia, na cha kushoto kikajibu. Ko, halafu ko.

"Ekseli ni moja," akaniambia. "Chuma hupelekeana habari."

Sawa, nikasema. Akaweka nyundo chini ili anywe maji niliyomletea. Kikombe kikiwa mdomoni mwake, kitovu cha kushoto kikagonga tena. Mlinzi tuliyewekewa, mtu mzima mwenye kandambili na bunduki kubwa kuliko yeye, akasimama.

"Chuma kinapoa," akasema mume wangu.

Lakini moto tulikuwa bado hatujauwasha. Mimi nilijua, na yeye alijua kwamba najua, akarudi kwenye nyundo yake bila kunitazama.

Aligonga mpaka viganja vikachubuka, kitovu hakikusogea. Kilihitaji mafuta mepesi ya kupenya kwenye kutu, na mafuta hayakuwapo. Bandari ilikuwa imefungwa. Dizeli, mafuta ya taa, hata ya kupikia, vyote vilikuwa hadithi. Kitu pekee tulichokuwa nacho tele ni kile kisicholika wala kisichowaka taani: mafuta ya langilangi. Mjomba wangu alikuwa na mtambo wa kukamulia maua, na kwa kuwa meli hazikuja kuyachukua, madumu yake yalikaa ukumbini kwangu yakingoja wazungu wajipake.

"Ni mepesi," nikamwambia. "Yanapenya hata kwenye kizibo."

Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu yule karani alipokuja. Tukazungusha makaa ya jiko langu kwenye kitovu, chuma kikapata moto, tukayaondoa, kisha nikamimina. Moshi ulipanda mweupe, mtamu, ukaingia mpaka kooni.

Sasa, kwetu harufu ya langilangi yenye nguvu namna ile ina sababu mbili tu. Ama bibi harusi anatolewa nje, ama jini anaitwa. Jirani yangu mmoja alifungua dirisha, shiromani yake, ile nguo ya kujitanda ya wanawake wa kwetu, kichwani, mdomo tayari kwa kigelegele. Akatazama uwanjani, akatafuta bibi harusi, akaona gari. Kigelegele hakikutoka. Alifunga dirisha taratibu, kwa mikono miwili. Kisha likafungwa la pili, na la juu yake, na la upande wa pili, hata uwanja mzima ukabaki na kuta tupu. Mlinzi alikuwa anasoma Ayatul Kursiyyu huku akirudi kinyumenyume.

"Bweni," akaniita, kama tunavyomwita mwanamke wa heshima, "harufu hii, mnamwita nani?"

"Tunaliita gari lenu," nikamjibu. Akatoka kwenda kulinda uchochoroni.

Baada ya alasiri kitovu kilitoka. Kilitoka chenyewe, mume wangu akiwa amekishika tu, kwa sauti ya mtu anayeachia pumzi aliyoibana. Ndani yake, nyuma ya kutu yote ile, grisi ilikuwa laini, imelindwa, na juu yake alama za vidole vya fundi wa mwisho aliyeipaka kabla sisi hatujazaliwa. Vidole vinne, vimevutwa pamoja. Kimoja kilikuwa kifupi.

Mume wangu alikatwa ncha ya kidole cha shahada na feni ya injini kule Unguja. Aliutazama mkono wake. Kisha, kama mtu anayejaribu kiatu, akaviweka vidole vyake ndani ya zile alama, na kila kimoja kikaenea mahali pake. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo mbele ya bunduki. Akaifuta grisi yote kwa kitambaa, haraka.

Vilivyobaki vilitoka bila ubishi. Usiku ule aliniambia neno moja tu la maana: "Mambo yakiharibika, nitafika kwa mama, Moroni. Nifuate huko."

Ijumaa gari likatembea. Yule karani alilizunguka, akapiga bati kofi, akauliza, "Nani mwingine anaijua tabia yake?" Akamfungulia mume wangu mlango wa dereva. Tulikuwa tumehangaika na gari lisilotembea. Likitembea nani ataliendesha, hilo hatukulifikiria hata kidogo. Lilitoka uwanjani limejaa watu wenye silaha, likinukia kama harusi, na madirisha yote yamefungwa.

Wauza ndizi ndio walioleta habari. Gari lilikutwa juu mlimani katikati ya njia, limekaa juu ya mawe, vitovu vyote vimevuliwa na kupangwa juu ya majani ya migomba, kila kimoja na nati zake. Mume wangu aliwaambia wapiganaji kwamba magurudumu yanapata moto, akayafungua yote, kisha akaenda mtoni kunawa mikono na hakurudi. Wakarudi kwa miguu wakitukana. Walipokuja kuipekua nyumba yangu na kupasua magodoro, nilifurahi, nasema kweli, maana mtu hatafuti alicho nacho.

Njia ya bahari ilipofunguliwa nilipanda mashua ya kwanza iliyonikubali. Nilitapika mpaka Moroni. Kutoka bandarini nilipandisha vichochoro vya Badjanani, mtaa wa mama yake, nimebeba furushi la nguo zake, njia nzima nikiyapanga maneno ya kumgombeza kwa kutoniletea hata salamu. Nikapiga hodi. Mama mkwe akafungua, akanikumbatia, akalia, akanisifu kwa kufika salama.

"Mwite," nikamwambia, nikichungulia ndani nyuma yake.

"Nimwite nani?" akasema. Macho yake yalikuwa yamepita begani kwangu, yakitafuta uchochoroni. "Si umekuja naye?"